Mzee Akiharisha au Akishikwa na Homa: Jinsi ya Kulinda Figo Zake Ukiwa Nyumbani

Maswali ni yale yale kila wiki. "Baba alikuwa mzima, kaharisha siku tatu tu, leo tunaambiwa figo zimefeli. Imekuwaje?" "Bibi hajakojoa tangu jana, tumpe maji mengi?" "Karatasi ya maabara inasema kreatinini imepanda, ndiyo basi tena?" Mimi ni muuguzi. Wanaoniuliza ni watu wanaowapenda wazee wao na wasiokwepa kuwauguza. Tatizo ni kwamba maelezo haya huwafikia wakiwa tayari kwenye benchi la wodini. Kwa hiyo nimeyapanga hapa uyasome leo, mzee wako akiwa bado anakula na kucheka.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi na mzee wa miaka 60 au zaidi, hasa akiwa na presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, tezi dume, au akiwa aliwahi kuambiwa figo zake zimechoka. Haumwondoi daktari. Unakufikisha kwake mapema, ukiwa na majibu ya maswali atakayokuuliza.

Kwanza, kwa ufupi: kwa nini wazee?

Figo huumia ghafla kwa njia tatu. Damu inayozifikia inapungua, kwa mfano mzee akiharisha, akitapika, au presha ikishuka mno. Au figo zenyewe zinadhuriwa na dawa, sumu, malaria kali au maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Au mkojo unatengenezwa vizuri lakini njia ya kutokea imeziba, jambo tunaloliona sana kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba.

Kwa mzee, njia zote tatu ziko karibu. Nguvu ya figo hupungua taratibu na umri hata bila ugonjwa. Kiu nayo hupungua: mwili unaweza kuwa umekauka na mzee akakwambia kwa dhati kwamba hana kiu. Ongeza na vidonge vinne au vitano anavyomeza kila siku, na kuharisha ambako kijana angekumaliza kwa kulala siku moja kunaweza kuziangusha figo za mzee ndani ya siku mbili au tatu. Habari njema ni kwamba figo nyingi zilizoumia kwa namna hii hurudi kufanya kazi zikiwahiwa.

Vitu vya kuandaa kabla hajaugua

- Daftari dogo na kalamu. Lifungwe kamba, litundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani analiona.
- Mfuko mmoja wa kuwekea dawa zake zote.
- Pakiti nne au tano za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini.
- Mizani ya kupimia uzito, hata ile ya bei nafuu, mradi iwe ile ile kila siku.
- Kopo au chupa yenye mdomo mpana ya kupimia mkojo, na kwa bibi, beseni dogo au kopo pana la kukalia.
- Kipimajoto. Mashine ya presha ukiweza.
- Karatasi ya kipimo chake cha mwisho cha kreatinini.
- Namba ya simu ya daktari au muuguzi wa kliniki anayoihudhuria.

Kopo la mkojo halina alama, kwa hiyo ziweke mwenyewe. Chukua chupa ya kunyonyeshea mtoto yenye vipimo, jaza maji mililita 100, mimina ndani ya kopo, piga mstari kwa kalamu isiyofutika. Rudia hadi ufike mililita 500. Ni kazi ya dakika tano, na siku ya ugonjwa itakuokolea ubishi wote wa "kakojoa kidogo" na "hapana, kakojoa sana".

Hatua ya 1: Jua kreatinini yake akiwa mzima

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kusafishwa na figo. Figo zikilegea, yenyewe hupanda katika damu. Lakini kuna mtego. Bibi mwembamba ana misuli kidogo, kwa hiyo kreatinini yake huwa chini siku zote. Tuseme akiwa mzima ilikuwa mikromoli 60 kwa lita, leo ni 100. Karatasi ya maabara inaweza isiweke alama yoyote, kwa sababu 100 bado imo ndani ya mipaka ya watu wengi. Kwake yeye imepanda zaidi ya mara moja na nusu. Kwa vigezo vinavyotumiwa duniani tangu 2012, kupanda kufikia mara moja na nusu ndani ya siku 7, au kuongezeka kwa mikromoli 26 ndani ya saa 48, tayari ni jeraha la ghafla la figo.

Bila namba ya zamani, daktari hana cha kulinganisha. Basi mpeleke akapimwe mwaka huu, hata kama haumwi. Baadhi ya hospitali hupima watu kila Siku ya Figo Duniani, Alhamisi ya pili ya Machi. Andika namba, tarehe na kizio kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa desilita: 1 ya hapo ni sawa na mikromoli 88 hivi. Ukichanganya vizio utatishika bure, au utatulia wakati si wa kutulia.

Hatua ya 2: Kusanya dawa zote, ukiwemo mti shamba

Hapa ndipo ningetaka ukae muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Shangazi yangu alikuwa na presha na magoti mabovu. Aliharisha Jumatatu. Akaendelea na dawa zake za presha, kama alivyofundishwa, bila kukosa. Mwili ukamuuma, akapewa diklofenaki kwenye duka la dawa, kutwa mara tatu. Ijumaa alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Hakuna aliyemtakia mabaya: aliyempa dawa ya presha alikuwa sahihi, na aliyempa ya maumivu hakuambiwa habari za presha wala za kuharisha. Mimi mwenyewe nilikuwa mkoa mwingine na nilimwambia kwa simu "pumzika shangazi". Sikumuuliza anameza nini. Alipona, lakini swali hilo sasa ndilo ninaloanza nalo kwa kila mtu.

Mwaga dawa zote kitandani, za hospitali, za dukani na zile za jirani. Soma jina lililo kwenye boksi, kisha zigawe hivi:

Kundi la kwanza ni dawa za maumivu zinazobana damu inayoingia kwenye figo: diklofenaki, ibuprofeni ambayo wengi huiita brufeni, meloksikamu, piroksikamu, indometasini. Ukiona jina linaloanza na "Diclo" au "Ibu", ni hizo. Hukaa pia ndani ya vidonge vya mchanganyiko vya mafua na mgongo, na ndani ya sindano ya maumivu anayochomwa "apate nafuu ya haraka". Kumbuka kwamba aspirini ndogo ya miligramu 75 aliyopewa kwa ajili ya moyo ni habari nyingine. Hiyo usiiguse bila daktari.

Kundi la pili ni dawa za presha na moyo ambazo jina lake linaishia na "pril" au "sartan", kama enalaprili, lisinoprili na losartani. Ni dawa nzuri, na siku za kawaida nyingi huzilinda figo. Mwili ukikauka ndipo zinapoweza kuzinyima figo msukumo wa damu.

Kundi la tatu ni za kukojoza: furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, haidroklorothayazidi, bendroflumethayazidi, spironolaktoni. Angalia vizuri, kwa sababu mara nyingi herufi H baada ya jina la dawa ya presha inamaanisha kidonge kimebeba na ya kukojoza ndani yake.

Kundi la nne ni za kisukari. Metformini inaweza kulimbikiza asidi mwilini figo zikilegea. Glibenklamaidi hukaa mwilini kupita kiasi na kushusha sukari hadi mzee anazimia. Zile zinazoishia na "gliflozin" humkojoza pia.

Makundi matatu ya kwanza yakikutana kwa mzee aliyekaukiwa maji, hatari haijumlishwi tu, inazidishana.

Na dawa za mitishamba? Andika nazo, bila kumgombeza. Ukimgombeza atazificha. Muulize jina, anakunywa kiasi gani, na tangu lini. Wasomaji wa pwani wanisikilize vizuri kuhusu mbilimbi. Achari yake kidogo kwenye wali si tatizo kwa mtu mwenye figo nzima. Ila kuna wanaokamua juisi yake na kuinywa kwa glasi ili kushusha mafuta au sukari. Huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu waliopata jeraha la ghafla la figo baada ya kunywa juisi hiyo, kwa sababu ina oksalati nyingi inayoganda kama chembe ndani ya figo.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza ya ugonjwa, fungua ukurasa mpya

Usingoje uone "kama itapita". Akiharisha mara tatu, akitapika, akipata homa, au akiacha kula, andika tarehe na saa. Mpime uzito akiwa amevaa nguo nyepesi, kisha kila asubuhi kwa wakati ule ule. Kilo moja iliyopotea kwa siku moja ni karibu lita moja ya maji. Mafuta hayayeyuki kwa kasi hiyo.

Kuvuta ngozi ya mkono kuona kama inarudi haraka hakusaidii sana kwa wazee, maana ngozi yao imelegea tayari. Tazama ulimi: umekauka na kupasuka? Msimamishe polepole ukiwa umemshika: anapepesuka, anaona giza? Presha ikiwa chini ya 100 ile namba ya juu, kwa mzee aliyezoea 140, usiendelee na hatua za nyumbani. Nenda hospitali.

Hatua ya 4: Zuia dawa za maumivu, piga simu kuhusu nyingine

Kundi la kwanza unasimamisha wewe mwenyewe, sasa hivi, bila kuomba ruhusa. Mwili ukimuuma au joto likipanda, tumia parasetamoli: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, zipite saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 6 kwa siku. Mzee mwembamba sana, au mwenye ugonjwa wa ini, apewe kwa ushauri.

Kwa kundi la pili, la tatu na la nne, piga simu kliniki. Sema hivi: "Baba ana miaka 74, anatumia losartani, Lasix na metformini. Tangu jana anaharisha mara sita kwa siku na hali chochote. Tusimamishe zipi, na turudishe lini?" Mara nyingi utaambiwa uzisimamishe hadi atakapokuwa amekula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. Mwenye moyo uliochoka ana hesabu yake, ndiyo maana nasisitiza uulize. Insulini usiisimamishe hata kama hali chochote. Pima sukari na uulize dozi. Wala usisimamishe ghafla dawa za kushusha mapigo ya moyo kama atenololi.

Simu haipokelewi? Usikae nayo siku nzima. Panda naye hadi kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na mfuko wa dawa mkononi.

Hatua ya 5: Mnyweshe kidogo kidogo, bila kuacha

Koroga ORS kama pakiti inavyosema. Nyingi ni za lita moja, nyingine ni za ujazo mdogo, kwa hiyo soma. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Ukikosa pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa jicho.

Mpe kikombe kimoja kila baada ya kuharisha, na katikati mafunda machache kila dakika 5 au 10. Kwa mzee asiye na tatizo la moyo, lenga lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, juu ya kile anachopoteza. Uji mwepesi, supu na maji ya mchele vinahesabika. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu acha, sukari yake nyingi huvuta maji tumboni na kuzidisha kuharisha. Madafu yana potasiamu nyingi: mpe kama anakojoa vizuri, na uyaache kabisa mkojo ukipungua, maana figo zilizolegea hushindwa kutoa potasiamu na moyo unaweza kusimama.

Mwenye kisukari anaweza kunywa ORS, mradi sukari inapimwa. Aliyeambiwa asizidishe maji kwa sababu ya moyo asijazwe maji nyumbani. Yeye apelekwe mapema.

Ikiwa ni Ramadhani, mkumbusheni kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Wazee wengi huona aibu kufungua, na wanahitaji kulisikia jambo hilo kutoka kwa mtu wanayemheshimu, kama imamu au kaka mkubwa.

Hatua ya 6: Pima mkojo

Hiki ndicho kipimo bora cha nyumbani na ndicho watu wanachokiruka.

Anza saa 12 asubuhi, malizia saa 12 asubuhi ya kesho yake. Kila anapokojoa, mkojo uingie kwenye kopo, usome mstari, andika, mwaga. Figo zinatarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mzee wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, sawa na 180 kwa saa 6, au 720 kwa siku. Akishuka chini ya hapo kwa saa 6 mfululizo huku anakunywa, piga simu. Akipitisha saa 8 bila kukojoa kabisa, au akitoa chini ya nusu lita kwa siku nzima, ondokeni.

Andika na rangi. Njano iliyokolea ni ishara ya maji kupungua. Rangi ya chai ya rangi au ya kola, hasa akiwa na homa, haingoji asubuhi, kwa sababu inaweza kuwa malaria kali, au misuli iliyosagika baada ya kuanguka na kulala sakafuni kwa muda mrefu.

Sasa suala la heshima. Mkwe hawezi kumuuliza baba mkwe habari za mkojo, na baba hatamwambia binti yake. Najua nyumba ambazo mzee alikaa siku mbili bila kukojoa na kila mtu alidhani mwenzake anajua. Mpe kazi hiyo mjukuu. Kati ya babu na mjukuu pana utani, na babu atamjibu akiulizwa: "Mume mwenzangu leo umekunywa, lakini mbona kopo tupu?" Pasipo mjukuu, tafuta kaka yake au rafiki wa barazani. Kwa bibi, mjukuu wa kike au wifi yake.

Hatua ya 7: Tafuta chanzo

Homa ya mzee isitibiwe kwa kubahatisha. Apimwe malaria, mkojo, na kifua kisikilizwe. Maambukizi ya mkojo kwa wazee mara nyingi huja kwa kuchanganyikiwa tu, bila maumivu. Vidonda vya mgongoni au miguuni vifunuliwe na kutazamwa.

Hatua ya 8: Ondokeni nyumbani mara moja ukiona haya

Mkojo umekatika au ni mweusi. Anatapika kila anachomeza. Amechanganyikiwa, analala sana, au haamki vizuri. Anahema kwa shida au hawezi kulala chali. Kwikwi isiyokoma. Uso au miguu imevimba ghafla. Degedege. Mapigo ya moyo yanakwenda ovyo, au mwili umeishiwa nguvu. Anaharisha damu. Dalili moja inatosha.

Hatua ya 9: Ukifika hospitali

Toa daftari kabla hujaanza kusimulia. Sema sentensi tatu: ameanza lini, amekunywa na kukojoa kiasi gani, anatumia dawa gani. Kisha uliza:

1. Je, kreatinini na potasiamu vimepimwa? Hii hapa namba yake ya zamani.
2. Je, kibofu kimejaa? Utrasaundi inaweza kuonyesha kama njia imeziba.
3. Kama ataandikiwa sindano ya jentamaisini (antibiotiki), au picha ya CT yenye dawa ya mshipani, ambazo zinaweza kuziumiza figo, je, figo zimezingatiwa? Wakati mwingine ni lazima zitumike, na daktari ataamua, lakini ni haki yako kuuliza.
4. Kreatinini itarudiwa lini? Kipimo kimoja ni picha ya mnato, viwili ndivyo vinavyoonyesha inakoelekea.

Hatua ya 10: Akirudi nyumbani

Usirudishe dawa zote siku aliyotoka. Omba karatasi inayoonyesha ipi inaanza lini na kwa dozi gani. Usizisahau pia, maana nimeona presha ikipanda hadi kiharusi kwa sababu familia iliogopa dawa na kuziacha moja kwa moja. Kreatinini irudiwe ndani ya wiki moja au mbili, kadiri atakavyosema daktari, halafu tena baada ya miezi 3, kwa sababu figo zilizoumia mara moja huwa rahisi kuumia tena, na nyingine hubaki na udhaifu wa kudumu. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe kwa wino mwekundu: "Aliwahi kuumia figo ghafla", na tarehe.

Makosa ninayoyaona sana

Kumpa lita nzima ya maji kwa mkupuo kwa sababu hajakojoa. Kama njia imeziba au moyo umechoka, unamzamisha.

Kumpa dawa ya kukojoza ya jirani. Mkojo unaweza kutoka, figo zikazidi kukauka.

Kununua dozi ya pili ya diklofenaki kwa kuwa ya kwanza ilimsaidia.

Kusema "ni uzee tu" mzee anapoanza kuita watu kwa majina yasiyo yao. Uzee hauji kati ya Jumanne na Alhamisi.

Kumpunguzia maji usiku kwa sababu choo kiko nje na anaogopa kuanguka. Hofu hiyo ni ya kweli. Weka kopo chini ya kitanda na taa karibu, asijinyime maji.

Yakitokea haya, fanya hivi

*Anakataa kunywa.* Badili chombo na mtu. Kijiko badala ya kikombe, mjukuu badala yako. ORS iliyopoa hunyweka kirahisi kuliko ya vuguvugu. Akikataa nusu siku nzima, mpeleke awekewe dripu.

*Anatapika.* Ngoja dakika 10, anza tena kwa kijiko kidogo kila dakika mbili. Akitapika tena mara tatu, nyumbani pamekwisha.

*Mkojo unamtoka bila kujijua, siwezi kupima.* Pima nepi ikiwa kavu na ikiwa imelowa. Gramu moja iliyoongezeka ni karibu mililita moja. Kama huna mizani ya jikoni, hesabu nepi na uandike kila moja ililowa kiasi gani.

*Anataka kukojoa, anajikamua, linatoka tone tu, na tumbo chini ya kitovu limejaa.* Kibofu kimefungwa. Usimpe maji zaidi, usimpe dawa yoyote, mkimbize akawekewe mpira wa mkojo. Kwa mwanamume mwenye tezi dume hili ndilo jeraha la figo lenye dawa ya haraka kuliko yote: mkojo ukitoka, figo mara nyingi huamka. Hata anayetokwa na matone muda wote anaweza kuwa kibofu chake kimefurika.

*Anaharisha lakini miguu imevimba.* Maji yanaweza kuwa yamekaa miguuni huku kwenye mishipa yamepungua. Usimpe Lasix kwa kuona miguu. Hili ni la daktari.

*Wametuambia asafishwe damu, tunaogopa hatatoka tena kwenye mashine.* Hofu hii huwafanya watu wamchukue mgonjwa na kurudi naye nyumbani, na huwa inaniumiza sana. Kwa jeraha la ghafla, kusafisha damu mara nyingi ni msaada wa siku au wiki chache wakati figo zinajiuguza: potasiamu imepanda mno, maji yamejaa mapafuni, au taka zimefika kwenye ubongo. Si kila mzee atapona, na wapo wanaohitaji kuendelea. Muulizeni daktari wazi: mnatarajia figo zirudi, na tutajuaje? Ulizeni pia gharama na bima kabla, ili ndugu wachange kwa kitu wanachokijua. Mahali pengine husafisha kupitia tumboni bila mashine ya damu. Hospitali ya KCMC kule Moshi, Tanzania, wamewahi kuitumia njia hiyo kwa majeraha ya ghafla.

*Magoti bado yanamuuma, na diklofenaki mmemkataza. Aishije?* Parasetamoli nusu saa kabla ya kutembea, si baada ya maumivu kukolea. Kitambaa cha moto jioni. Anyooshe mguu akiwa amekaa kitini, ahesabu hadi tano, aushushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Dawa ya kupaka auliziwe kliniki kwanza, kwani nazo nyingine zina diklofenaki. Na akatiwe fimbo ya kipimo chake: akisimama wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, aishike upande wa mguu mzima.